Kifuniko na Yule Augustin

Jumanne, tarehe 2 Desemba 1958

Sista Clémence anasema msichana mwenye shajara hana nafasi ya kusengenya. Alitaka tuandike kwa Kifaransa. Ninaandika kwa Kiswahili. Sista husoma kila Kifaransa kinachopita mbele yake, na mambo ya leo hapaswi kuyaona.

Ninaogopa. Nitaeleza kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa.

Papa ni Kifuniko. Mangobo nzima, mtaa wetu, inamjua. Alikuwa kipa, na golini mwake hakuingia kitu, kama chungu kilichofunikwa. Sasa magoti yamechoka, anafundisha timu, na mwezi huu anagombea kiti katika baraza la komini, yaani serikali ya mtaa. Ni mara ya kwanza watu weusi wa mji huu kupiga kura. Wanaume tu. Na wanaume wote wanasema watampa Kifuniko.

Sasa hofu yenyewe. Tonton Zacharie, mdogo wake Papa, ni msimamizi wa shamba la michikichi kule Banalia. Wana timu isiyo na kocha na nyumba isiyo na mtu. Papa amemwambia kwamba Mangobo wakimkataa, atakwenda huko na familia yake yote. Familia yote ni pamoja na mimi. Banalia, shule ya wasichana inaishia kwenye kushona. Mimi nataka kuwa mwalimu. Sista amesema nikipita mtihani, labda nitaingia shule ya walimu. Alisema labda, lakini alitabasamu.

Leo nikitoka shuleni nilipita ofisi ya komini. Wamebandika karatasi ya wagombea. Wanaume wawili wenye baiskeli walikuwa wakiisoma kwa kidole. Mmoja akasema Kifuniko hayumo. Wa pili akatafuta tena, akasema kweli hayumo, basi amejitoa, pengine ameogopa. Wakapanda baiskeli zao wakaenda.

Yumo! Yumo katikati kabisa. Lokangu Augustin. La ukoo na la ubatizo. Hakuna mtu anayelijua.

Jumatano, tarehe 3

Siku ya kura, kila mwanamume atapewa karatasi ya majina aweke alama kando ya analolitaka. Asiyejua kusoma atamtajia karani. Akitaja Kifuniko, karani atasema hakuna mtu kama huyo.

Nilimwuliza Mama kama watu wanalijua jina la Papa la kwenye karatasi. Akanipiga kidogo mdomoni, kwa vidole viwili. Alisema jina la papa yangu si mikate ya kuzungusha sokoni. Mtoto aliyelelewa hataji jina la baba yake. Yeye mwenyewe halitaji. Anamwita Papa Florentine. Florentine ni mimi. Kwa hiyo hata nyumbani kwetu jina hilo halitumiki.

Wakati wa kula nilizunguka mbali. Nilimwambia Papa kwamba pengine kuna watu wasiojua jinsi alivyoandikwa. Akacheka mpaka lituma ya ndizi ikamponyoka mkononi. Alisema hata kuku wa Mangobo wanamjua Kifuniko. Mchezaji anayezunguka akijitaja jina, alisema, ni yule ambaye hakuna aliyemwona akicheza.

Basi nimepata njia. Nitamsema Augustin Lokangu kama mtu baki. Hivyo sitakuwa nimemtaja baba yangu. Nitakuwa nimetaja mgombea. Heshima haiguswi. Sista huita jambo kama hili mantiki.

Jioni nilikwenda bombani na Micheline, rafiki yangu. Nilimwomba aniulize kwa sauti kubwa ni nani mgombea mzuri. Akasahau, akaniuliza kama nina sabuni. Nikajibu hivyo hivyo kwamba Augustin Lokangu ni mtu mwaminifu na ataleta taa kwenye barabara yetu na bomba la pili. Wanawake wote wakanigeukia. Mmoja akauliza anakaa wapi. Nikaogopa, nikasema karibu.

Naona imeanza vizuri.

Alhamisi, tarehe 4

Haikuanza vizuri.

Mama Agathe anakaanga mikate kando ya uwanja wa mpira. Nusu ya wapiga kura wanakula mikononi mwake kabla ya kwenda kazini. Anachosema yeye asubuhi, jioni ni habari. Leo alikuja kwetu na unga bado mikononi. Mama hakuwepo, Papa alikuwa uwanjani. Nilikuwa nasugua vyungu.

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mutu anaitwa Augustin Lokangu. Anatuma watoto wa kike bombani na maneno matamu. Anaahidi taa. Anataka kiti cha Kifuniko.

Akauliza kama namjua.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni Papa. Nikaona vidole viwili vya Mama mbele ya mdomo wangu. Nikasema nimewahi kumsikia.

Akaniambia nisimwambie Kifuniko. "Kipa hasumbuliwi mbele ya mechi, mwanangu. Huyo Augustin acha kwetu sisi."

Nimesugua chungu kimoja mpaka kikabadilika rangi.

Jumamosi, tarehe 6

Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa kusema. Maneno ya mdomo hubadilika njiani. Maandishi hayabadiliki.

Nimeazima kipande cha chaki kabatini kwa Sista. Ninakiita kuazima. Saa ya jua kali, watu wakiwa ndani, niliandika kwenye ukuta wa ghala kuukuu mbele ya uwanja: AUGUSTIN LOKANGU NI MTU WETU. Niliandika kwa herufi zile za Sista, zenye mikia na mapindo. Nilirudi nyuma kidogo kutazama. Ile L ya Lokangu ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoandika maishani.

Kisha nikakimbia. Kwenye kona nilijikwaa nikaangusha kandambili, nikarudi kuichukua, nikakimbia tena.

Jumapili, tarehe 7

Baada ya misa watu walijaa mbele ya ukuta. Nilisimama nyuma ya kitenge cha Mama.

Mzee mmoja akaonyesha ile L yangu kwa fimbo. Alisema mikia ya namna hii ameiona mahali pamoja tu, kwenye karatasi za kodi. Hakuna mutu mweusi anaandika hivi. Basi Augustin huyu ni mutu ya Bula Matari. Serikali ya Wazungu imemweka ili kumwangusha Kifuniko. Wote wakasema ndiyo, ndiyo, inaonekana kwenye herufi.

Wachezaji wa Papa walileta ndoo. Walisugua ukuta kabla Papa hajatoka kusalimiana na padri. Papa akauliza kwa nini ukuta umelowa. Wakamjibu kwamba ulikuwa na joto.

Halafu akaja polisi. Akauliza ni nani Augustin Lokangu anayechafua kuta za watu. Kila mtu akaapa hamjui. Wote walikuwa wanasema kweli. Papa alikuwa amekwenda kufungua mlango wa chumba cha mipira, hakusikia. Polisi akasema atamtafuta, na akimpata atalala ndani.

Mungu wangu. Nilitaka kumpeleka Papa barazani, sasa nampeleka gerezani.

Sikula kitu. Mama akadhani nina malaria, akanichemshia majani machungu. Nikanywa yote. Niliona ninastahili.

Jumanne, tarehe 9

Somo la mwandiko. Sista alipita kati ya madawati. Akasimama kwangu. Akaitazama L yangu muda mrefu. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba chaki ni mali ya Kanisa.

Hakusema zaidi. Ninamwogopa sana mtu asiyesema zaidi.

Kwa Mama Agathe mambo yameharibika zaidi. Wanaume wamepata salamu mpya. Mmoja anasema, "Na Augustin?" Mwenzake anajibu, "Hata kidogo." Wanashikana mikono, wanachukua mikate. Leo asubuhi Papa alipita hapo, akasikia, akauliza ni Augustin gani huyo. Mama Agathe alimjibu haraka kwamba ni mbuzi wa jirani anayekula mihogo ya watu. Papa akasema mbuzi huyo afungwe.

Jumatano, tarehe 10

Njia ya tatu. Ni rahisi, sijui kwa nini sikuiona mapema. Kama tatizo ni Augustin, Augustin aondoke.

Jioni nilimwambia Mama Agathe kwamba nimesikia Augustin Lokangu amejitoa. Ameona hawezi kushindana na Kifuniko. Ameondoka mjini. Akauliza amekwenda wapi. Nikasema Banalia, kwa sababu ni mahali ninapofikiria kila saa.

Mama Agathe alifurahi mpaka akampa kila mtu mkate mmoja juu. Nilirudi nyumbani nikiimba. Jina sasa ni safi. Hakuna anayelichukia tena.

Alhamisi, tarehe 11

Mimi ni mjinga.

Leo asubuhi Mama Agathe anawaelekeza wanaume, mmoja mmoja, na kijiko cha mafuta mkononi. Kwenye karatasi jina la Augustin bado lipo, anasema, hawakuwahi kulifuta. Mulione, mulipite. Ni jina la mutu mwenye alikimbia. Kumpa huyo kura ni kuitupa mtoni. Wanarudia nyuma yake ili wasisahau: Lo-ka-ngu, pita. Sasa wanalijua jina vizuri kabisa. Wamelikariri.

Niliurudisha mkate wangu mezani.

Na si hilo tu. Papa Alphonse alikuwa hapo, anakula. Papa Alphonse Yenga alikuwa mwamuzi wa mpira, na yeye pia anagombea. Watu wanamwita Filimbi. Miaka saba sasa hazungumzi na Papa. Ilikuwa fainali. Papa aliudaka mpira juu ya mstari, Papa Alphonse akapiga filimbi, akasema umevuka, ni goli. Papa anasema haukuvuka. Mangobo yote inasema haukuvuka. Tangu siku ile, lolote asemalo Papa Alphonse hapa kwetu, hata akisema mvua inanyesha, watu wanatoka nje kutazama kwanza.

Alifuta mafuta mdomoni taratibu. Alikuwa anachekea puani. Nikakumbuka kwamba mwamuzi huandika majina ya wachezaji wote kabla ya mechi. Majina kamili.

Akageuka kwangu, akavua kofia. "Bonjour, mademoiselle Lokangu," akasema.

Kwa bahati mafuta yalikuwa yanachemka kwa kelele. Hakuna mwingine aliyesikia.

Ijumaa, tarehe 12

Tonton Zacharie amefika na kamio, lori la shamba. Anasema amekuja kusalimia. Lakini alipima kabati letu kwa mikono, na kitanda changu pia. Anasema vitaingia vyote.

Alituambia habari za Banalia kutufurahisha. Samaki wa mto Aruwimi ni wakubwa kama mbwa. Chui hawaji nyumbani kila wiki. Kwa wasichana kuna Mama mmoja anayefundisha kudarizi, mkali lakini haoni vizuri. Nilimwuliza kama kuna vitabu. Akafikiri. Akasema ofisini kuna kitabu cha mashine.

Mama ameanza kufunga vyungu kwa majani makavu. Papa hakumzuia. Alisema tu mechi haijaisha. Halafu akanitazama, akauliza kama mtihani wangu ni mwakani kweli. Nikasema ndiyo. Sijawahi kumwona Papa akitazama miguu yake namna hiyo.

Kesho kuna mkutano wa wagombea uwanjani. Papa Alphonse atasema wa mwisho. Nimeomba mvua.

Jumamosi, tarehe 13

Mvua haikunyesha.

Uwanja ulijaa mpaka nyuma ya magoli. Papa alisema vizuri lakini kifupi, kama anavyosema na wachezaji wakati wa mapumziko. Bomba la pili, wauguzi, mifereji, asanteni. Walimpigia makofi: Kifuniko, Kifuniko.

Akapanda Papa Alphonse. Watu wakaanza kuzomea. Akatoa filimbi mfukoni, akapiga. Wote wakanyamaza, na wachezaji wawili wa Papa wakasimama wima bila kujua. Mazoea.

Alijitaja kwanza, jina lote, kama kawaida yake. Kisha akasema ataonyesha udanganyifu. Mnamchukia Augustin Lokangu, akasema. Mnasema ni mtu wa Bula Matari. Mnasema amekimbia. Basi Augustin Lokangu ndiye huyu hapa. Kifuniko na Augustin ni mutu mumoja. Nilimwandika mimi mwenyewe kwenye karatasi za mechi, miaka yote.

Nilifumba macho. Nilisubiri wamrukie Papa.

Wakacheka. Uwanja mzima! Mama Agathe alipiga kelele kutoka kwenye karai lake: "Filimbi, wewe hata ule mpira ulisema umevuka!" Mwingine akasema kesho atatuambia padri ni mke wa polisi. Papa Alphonse akarudia, sauti ikampasuka, wakazidi kucheka. Alikuwa anasema kweli tupu, na kweli ile ilikuwa inaanguka mbele yake kama mpira usio na upepo. Nikafumbua macho. Nikaelewa kwamba hii ni mbaya kuliko niliyoiogopa. Wakimcheka Alphonse, kesho wataliona jina la Papa, watalipita.

Niliinuka. Ninaapa niliinuka. Nilitaka kupaza sauti na kulitaja. Mama akanishika gauni. Yeye naye alikuwa amesimama, mdomo wazi, na jina halitoki.

Papa alikuwa anatazama huku na huku. Aliuliza mtu wa mbele ni Augustin gani huyo wa Bula Matari. Akaambiwa. Akauliza tena, polepole. Nadhani hapo ndipo alipomwelewa mbuzi wa jirani. Macho yake yakatafuta katikati ya watu mpaka yakanifikia mimi.

Akapanda. Akasimama karibu na Papa Alphonse, mtu ambaye kwa miaka saba amekuwa akibadili njia asikutane naye.

"Ndugu zangu," akasema, "mwamuzi amesema kweli."

Mama Agathe aliangusha kijiko.

Akasema jina lake ni Augustin Lokangu. Baba yake alimpa moja, padri akampa jingine, na Kifuniko mulimupa nyinyi. Kesho karani hamjui Kifuniko. Mtafuteni Augustin, mimi ndiye.

Papa Alphonse alimtazama. Macho yake yalikuwa na maji, nafikiri si ya jua. Alisogea, akauliza kwa sauti ya chini, lakini uwanja ulikuwa kimya na wote tulisikia, "Na ule mpira? Ulivuka?"

Papa akafikiri.

"Kuhusu jina umesema kweli," akajibu. "Ule mpira haukuvuka."

Walicheka mpaka vumbi likapanda. Hata Papa Alphonse alicheka. Ni polisi peke yake ambaye hakucheka. Alimwendea Papa, akamwuliza kama ni yeye aliyeandika ukutani. Papa akamwonyesha mikono yake, vidole vilivyovunjika vyote kwa mipira, akauliza kama hivi vinaweza kuandika mikia. Polisi akavitazama, akasema hapana.

Njiani kurudi nilitembea na Papa. Alinishika mkono tu, kwa nguvu kidogo.

Jumapili, tarehe 14

Wanaume wamepanga mstari tangu misa ya kwanza. Sisi wanawake tunatazama kutoka ng'ambo ya barabara. Kila anayetoka, Mama Agathe anamwuliza alitaja nani. Wengine wamesahau kama Augustin ni wa kuchukua au wa kupita. Mzee wa fimbo alimtajia karani majina yote mawili ili awe salama. Karani akamrudisha nyuma ya mstari akafikirie kwanza.

Kamio la Tonton liko mlangoni. Kabati letu limeshapanda. Niliingia ndani nikakaa mahali lilipokuwa.

Jumanne, tarehe 16

Papa amechaguliwa!

Ni wa mwisho kati ya waliochaguliwa, kwa kura moja tu. Papa Alphonse naye yumo, mbele yake kidogo. Watakaa baraza moja. Kama mzee wa fimbo angekosea, tungekuwa njiani sasa hivi.

Tonton ameteremsha kabati mwenyewe. Mama anafungua vyungu. Kimoja kimevunjika, ni kile nilichokisugua. Sista aliponiona asubuhi alisema kwamba atanipa vitabu vya mtihani, na kwamba nikihitaji chaki, niombe.

Jioni Papa aliniita. Nilijua saa yangu imefika. Lakini alisema tu, "Florentine, siku nyingine mpira uache kwa kipa."

Alhamisi, tarehe 18

Nimeyafikiri maneno ya Papa. Nadhani yalikuwa sifa. Kwa njia yake, amenihesabu katika timu. Na kwa kweli, bila mimi Papa Alphonse asingekuwa na la kufichua, na bila kufichuliwa, jina lisingejulikana. Ukilitazama kwa mantiki, yote yalikwenda vizuri.

Lakini ninaogopa tena. Sasa baraza litakaa na kuchagua mkubwa wake. Nani atamchagua mtu anayeitwa Kifuniko? Chombo cha jikoni. Na Augustin siwezi kulitaja, yeye ni baba yangu. Nimepata njia. Jana na leo, bombani, nimemwita kwa cheo cha mjumbe wa baraza. Nimesema Bwana Konseye ana mipango mikubwa. Bwana Konseye hapendi kelele. Bwana Konseye anastahili kiti cha mbele.

Jioni hii Mama Agathe amekuja, na unga bado mikononi. Amefunga mlango nyuma yake.

Kuna mutu mupya, akasema. Wanamwita Konseye. Hapendi kelele, na anataka kiti cha Kifuniko.

Nilifungua mdomo. Halafu nikaona ni bure, maneno ya mdomo hubadilika njiani. Kesho, saa ya jua kali, nitaeleza kwa maandishi kwenye ukuta wa ghala. Safari hii bila mikia.